Bangi halali jimboni, haramu kwa serikali kuu ya Marekani: ruhusa hii ni ya nani hasa?

Kansas City ni miji miwili ya Marekani yenye jina moja, imeshikana kwenye mpaka wa majimbo mawili. Kuna barabara inaitwa State Line Road, upande wa mashariki ni Missouri, wa magharibi ni Kansas, na watu wanavuka kila siku kwenda kazini, kanisani, kununua mkate, bila hata kukumbuka kwamba wamebadilisha jimbo. Missouri wananchi waliipigia kura bangi Novemba 2022 ikapita kwa asilimia 53 hivi, Februari 2023 maduka yakaanza kuwauzia watu wazima, we ukiwa na miaka 21 unaonyesha kitambulisho mlangoni, unaingia, unaweza kutoka na hadi aunsi tatu na risiti mkononi. Ukivuka barabara na mfuko huohuo uko Kansas, ambako bangi haijaruhusiwa hata kwa mgonjwa wa kansa, na kukamatwa nayo mara ya kwanza tu kunaweza kukupeleka jela hadi miezi sita na faini ya dola 1,000.

Nimeanza na hiyo barabara kwa sababu nyumbani, na hata kwa wengi wetu wahamiaji tulioko huku Marekani, habari inafika kwa kifupi kwamba Marekani bangi ruksa, basi. Marekani kama nchi haijaihalalisha. Majimbo 24 pamoja na jiji la Washington DC ndo yameruhusu watu wazima watumie kwa starehe zao, wa kwanza wakiwa Colorado na jimbo la Washington mwaka 2012, na mengine kadhaa yanaruhusu kwa matibabu tu, njia ambayo California ilishaifungua tangu 1996. Juu ya hayo yote kuna sheria ya dawa za kulevya ya serikali kuu ya mwaka 1970 iliyoiweka bangi kundi la kwanza, lile linalobanwa zaidi, sawa na heroini. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi kwenye kesi iliyotoka California, ikasema serikali kuu inaweza kukataza hata mmea uliopanda mwenyewe nyumbani kwako kwa ajili ya ugonjwa wako mwenyewe, hata kama jimbo lako limekuruhusu. Kwa hiyo jimbo likikwambia ni halali maana yake polisi wake na mahakama zake hawatakugusa, zaidi ya hapo halina uwezo wa kukuahidi kitu.

Niseme mapema nilipo. Mimi naunga mkono majimbo kuhalalisha, ila naona mjadala wenyewe unaendeshwa kama vile kila mtu anayeishi kwenye jimbo husika ni raia wa Marekani, na hilo linawaumiza watu wetu.

Tuanze na hoja za wanaotaka iruhusiwe manake ni nzito. Ya kwanza kwangu ni polisi. Chama cha kutetea haki za kiraia, ACLU, kilichambua takwimu za mwaka 2018 kikakuta mtu mweusi ana uwezekano mara 3.64 zaidi ya mzungu kukamatwa kwa kuwa na bangi, wakati weusi na wazungu wanaivuta kwa kiwango kinachokaribiana. Sasa hapo huwezi kuniambia sheria ilikuwa inalinda afya, ilikuwa inachagua nani wa kusimamishwa barabarani na kupekuliwa. Na kukamatwa hakuishii siku ile, rekodi inakufuata ukiomba kazi, ukitaka kupanga nyumba, mtoto akitaka kwenda chuo, kwa kitu ambacho leo mwenye mtaji anakiuza dukani kwenye taa nzuri na kiyoyozi. Ndo maana Juni 2024 Gavana Wes Moore wa Maryland alisamehe hukumu zaidi ya 175,000 za bangi kwa mpigo, na mimi naona alifanya jambo la haki kabisa.

Halafu kuna hela. Colorado tangu maduka yafunguliwe Januari 2014 imeshakusanya zaidi ya dola bilioni mbili za kodi na ada, na sehemu yake imejenga na kukarabati shule. Kuna na matibabu pia, ripoti kubwa ya Akademia za Kitaifa za Sayansi ya mwaka 2017 ilikubali kwamba kuna ushahidi wa kutosha kuwa bangi na dawa zitokanazo nayo zinasaidia maumivu sugu kwa watu wazima, na kichefuchefu cha wanaotibiwa kansa. Hizi mbili sina cha kuongeza sana.

Upande wa pili nao usidharauliwe, na hapa nawazungumzia zaidi wazazi wetu, wale mama na baba wanaosema bangi inaharibu akili na vijana wanawaona hawajaelimika. Ripoti ileile ya 2017 inayonukuliwa kila siku na watetezi imesema pia kwamba kuna ushahidi mkubwa wa uhusiano wa kitakwimu kati ya matumizi ya bangi na kupata ugonjwa wa akili kama skizofrenia, na kadiri mtu anavyotumia zaidi ndo hatari inavyopanda. Mama aliyeona kijana wa jirani anaongea peke yake barabarani hakuwa anabuni hadithi. Na bangi aliyoiona yeye miaka ya tisini ilikuwa dhaifu, ile iliyokuwa inakamatwa na polisi huku Marekani katikati ya miaka hiyo ilikuwa na kama asilimia 4 ya THC, yaani kile kinacholevya, wakati maua yanayouzwa dukani leo kukuta asilimia 20 ni kawaida na mafuta yaliyokamuliwa yanafika 80 na zaidi. Mtu akikwambia ni mmea tu wa Mungu muulize huo wa asilimia 80 Mungu aliupanda wapi.

Na sio kuvuta peke yake. Kinachonitisha mimi ni pipi. Chukua pakiti ya zile pipi laini za bangi uiweke mezani pembeni ya pipi za kawaida za mtoto, utaona ni rangi zilezile, sukari ileile ya juu, ladha ya tikiti na stroberi, mtoto wa miaka mitatu atajuaje? Watafiti waliopitia simu zilizopigwa kwenye vituo vya sumu Marekani, na wakachapisha kwenye jarida la Pediatrics mwaka 2023, walikuta watoto chini ya miaka sita waliokula vitu vya bangi kwa bahati mbaya walikuwa 207 mwaka 2017, ilipofika 2021 wakawa 3,054. Kwenye nyumba zetu ambazo mnaishi familia mbili tatu, kuna binamu, kuna mgeni aliyekuja juzi, mkoba wa mtu uko kwenye kochi, hiyo hatari ni kubwa kuliko kwenye nyumba ya mtu na mkewe na kabati lenye kufuli.

Kuna na jambo ambalo watetezi wengi hawapendi kulisikia, nalo ni kwamba biashara hii faida yake haitoki kwa yule anayevuta mara moja kwa mwezi akiwa na rafiki zake, inatoka kwa anayetumia kila siku. Uchambuzi uliochapishwa 2024 ulikadiria kwamba mwaka 2022 Wamarekani milioni 17.7 walikuwa wanatumia bangi kila siku au karibu kila siku, wakawapita wanaokunywa pombe kwa kiwango hicho ambao ni milioni 14.7. Jimbo likishazoea ile kodi linakuwa na maslahi kwa hao watu waendelee. Na kodi yenyewe haina uhakika, Colorado mauzo yalifika kileleni 2021 kama dola bilioni 2.2 halafu yakaanza kushuka. Ile ahadi kwamba soko la magendo litakufa nayo imetimia nusunusu, New York ilipitisha sheria Machi 2021, duka la kwanza la kihalali likaja kufunguliwa mwisho wa Desemba 2022, huku katikati maduka yasiyo na leseni yameshajaa kila kona ya jiji, na waliopewa kipaumbele cha leseni, wale waliowahi kuhukumiwa kwa bangi, ndo wakajikuta wanashindana na mtu asiyelipa hata senti ya kodi.

Ukipima hayo yote mimi bado naona kuruhusu na kusimamia ni bora kuliko kukamata, kwa sababu madhara mengi ya upande wa pili unaweza kuyapunguza kwa sheria, weka kikomo cha THC, piga marufuku pipi zenye sura ya kitoto, lazimisha vifungashio visivyofunguka kirahisi. Madhara ya kufunga watu ukishayafanya kuyafuta ni kazi ngumu sana.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndo nasema mjadala una tundu.

Uhamiaji ni mambo ya serikali kuu. Afisa wa uhamiaji akikuangalia hasomi sheria ya Missouri wala ya Maryland, anasoma ile ya 1970. Mtu ana grini kadi, anaishi jimbo ambalo ni halali, ananunua dukani kwa risiti, mbele ya sheria ya uhamiaji amevunja sheria ya dawa za kulevya. Na hata kuhukumiwa sio lazima, unaweza kukataliwa kuingia nchini, au kukosa grini kadi, kwa kukiri tu kwa mdomo mbele ya afisa kwamba ulitumia. Fomu ya kuomba grini kadi inauliza kama umewahi kuvunja sheria yoyote ya dawa za kulevya, ya jimbo, ya Marekani au ya nchi nyingine. Mtu aliyeambiwa na jirani zake wote kwamba huku ni halali atajibu nini? Akikubali ana matatizo, akikana na ikajulikana amedanganya serikali, ambayo ni kosa jingine tena.

Kuna msamaha mdogo kwa mwenye grini kadi kwenye kufukuzwa nchini, kosa moja tu la kuwa na gramu 30 au pungufu kwa matumizi yako. Linganisha na aunsi tatu za Missouri, hizo ni kama gramu 85. Jimbo linakuruhusu kubeba karibu mara tatu ya kile ambacho sheria ya uhamiaji inaweza kukusamehe.

Na kazi je? Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo kwamba kufanya kazi kwenye biashara ya bangi kunaweza kukuharibia sifa ya kuwa na mwenendo mwema, ambayo ni lazima uwe nayo kuomba uraia, hata kama jimbo limetoa leseni. Mwezi huohuo meya wa Denver wakati ule, Michael Hancock, aliipeleka hoja hiyo kwa mwanasheria mkuu wa serikali baada ya kukutana na wahamiaji wawili, mmoja wa kutoka Lithuania mwingine El Salvador, wote na makaratasi halali, waliokwama kwenye uraia kwa sababu walifanya kazi kwenye hayo maduka. Mtu alilipa kodi, mwajiri ana leseni ukutani, tangazo la kazi lilikuwa wazi kwa kila mtu, na hakuna aliyemwambia.

Hata ule msamaha wa Gavana Moore niliousifia pale juu, ukimfikia mhamiaji mwenye hukumu ya bangi, sheria ya uhamiaji haiuhesabu kwenye makosa ya dawa za kulevya. Kufutiwa rekodi na jimbo nako mara nyingi hakusaidii kitu, kwa watu wa uhamiaji hukumu bado ipo. Yaani raia anasamehewa kweli, wa pembeni yake aliyekamatwa gari moja, usiku mmoja, bado anaweza kurudishwa kwao.

Wengine wetu ni madereva wa malori, na hawa hata kama ni raia hawaponi. Leseni ya CDL, ile ya kuendesha magari makubwa ya biashara, inakuweka chini ya vipimo vya wizara ya uchukuzi, ambayo haitambui ruhusa ya jimbo lolote. Umevuta Jumamosi nyumbani kwako Colorado, siku ya mapumziko, Jumatano umeitwa kupima mkojo, unakutwa nayo, jina linaingia kwenye daftari la kitaifa lililoanza Januari 2020 ambalo kila mwajiri analiangalia, na tangu Novemba 2024 jimbo lenyewe linalazimika kukushusha leseni hadi umalize utaratibu wa kurudi kazini. Hapa lakini nawaelewa wanaokaza. Lori lililojaa lina pauni 80,000, na bangi haina kipimo cha pumzi kinachoaminika kama cha pombe, ule mkojo unasema tu kwamba ulitumia siku kadhaa nyuma na hausemi kama umelewa sasa hivi. Mpaka kipatikane kipimo bora siwezi kusema walegeze, maana na sisi tuko barabarani na watoto nyuma.

Watu wanaweka matumaini kwenye mabadiliko ya serikali kuu. Mei 2024 serikali ya Biden ilipendekeza bangi ihamie kundi la tatu, ambalo halibanwi sana, na Desemba 2025 Rais Trump akasaini amri ya kuharakisha kazi hiyo. Itawasaidia wenye maduka kwenye kodi, itawasaidia watafiti. Mhamiaji haimgusi, kwa sababu sheria ya uhamiaji inataja dawa zote zinazodhibitiwa bila kujali kundi, na kundi la tatu bado ni dawa inayodhibitiwa. Wa kubadilisha hilo ni Bunge la Marekani, waongeze mstari mmoja kwamba jambo lililofanyika kihalali jimboni lisihesabiwe kosa la uhamiaji.

Wakati hilo halijafanyika majimbo yana la kufanya bila kumsubiri mtu. Kila duka lenye leseni libandike mlangoni tangazo kwamba kama wewe sio raia kununua hapa kunaweza kukugharimu makazi yako, liandikwe Kiswahili, Kisomali, Kihispania, lugha za watu wanaoishi pale. Kila mwajiri wa sekta hiyo alazimishwe kumwambia mwombaji kazi kabla hajasaini. Na sisi kwenye misikiti, makanisa na vikao vya jumuiya tuseme wazi, hata kwa yule ambaye haoni ubaya wowote wa bangi, kama huna uraia usinunue, usifanye kazi duka hilo, usiweke picha yako na hiyo kitu kwenye simu maana uwanja wa ndege wanaweza kuifungua, na ukiulizwa na afisa uhamiaji kuhusu bangi usijibu kabla hujaongea na wakili.