Mama Mkwe Akalia Kosmolini

Mosin-Nagant M91/30, bunduki ya zamani ya jeshi la Kisovyeti, ikitoka ghalani haitambuliki kuwa ni bunduki. Utadhani mtu amechovya muwa kwenye shira akausahau humo tangu enzi za Stalin. Ile ya shemeji yangu wa Houston, mume wa dada, ilikuwa ya kiwanda cha Izhevsk, Urusi, mwaka 1942: alama ya mshale ndani ya pembetatu, na chuma kimejaa mikwaruzo ya mashine, maana mwaka huo Mjerumani alikuwa Stalingrad na hakuna fundi aliyepewa muda wa kupiga msasa. Baada ya vita zilikaguliwa, zikapakwa kosmolini, zikalazwa. Miaka ya 2000 Wamarekani walikuwa wakizinunua chini ya dola 100. Siku hizo zimepita, ndiyo maana shemeji alipoipata yake alitangaza kwa ukoo mzima, isipokuwa mama mkwe wake. Yaani mama yangu, aliyekuwa njiani kutoka Tanga.

Kosmolini ni grisi nzito ya kahawia. Kazi yake ni kuzuia kutu, na inaifanya vizuri kupita kiasi: inaingia kwenye chemba inamokaa risasi, ndani ya komeo linaloifungia humo, chini ya mbao, hadi kwenye vinyweleo vya mbao yenyewe. Kupangusa kwa nje ni kujifurahisha tu. Ila ina udhaifu mmoja, huyeyuka kwenye nyuzi 45 hadi 52 za Selsiasi. Gari lililofungwa vioo Houston mwezi wa saba linavuka hapo kabla ya adhuhuri.

"Shemeji," nilimwambia kwenye simu, "fungua kila kitu kwanza. Hakikisha haina risasi, vuta komeo huku umebana triga, litatoka lenyewe. Chomoa ufito wa kusafishia, legeza zile pete mbili, fungua skrubu mbili, ya mbele ya boksi la risasi na ya nyuma, mtutu utatoka kwenye mbao. Chuma kwenye beseni la mafuta ya taa, nje ya nyumba. Mbao peke yake kwenye mfuko mweusi wenye magazeti, juani, na beseni chini."

"Sawa, sawa," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeshikilia neno moja tu: juani.

Alichofanya ni hiki. Hakufungua hata skrubu. Aliisokomeza bunduki nzima kwenye mfuko wa taka, akaona kuna nafasi, akatia na singe. Sasa singe ya Mosin si kisu. Ni msumari wa pembe nne unaokaribia nusu mita, ncha yake imebanwa bapa ili itumike pia kama bisibisi. Mfuko wa taka haukuumbwa kwa ajili hiyo. Kisha, kwa kuwa gari lake lilikuwa kivulini, akaulaza mfuko kwenye kiti cha nyuma cha gari la dada. Viti vyenyewe rangi ya maziwa.

Saa tisa, nami nimeshafika kwao, dada akapiga kelele kwamba ndege ya mama imetua. Shemeji akatoa mfuko mbio mbio, akaona kiti "kimelowa kidogo", akatandika taulo juu yake, tukaondoka.

Kosmolini ya moto haizuiwi na taulo. Mama alitoka uwanja wa ndege na kitenge kipya cha kupokelewa, shemeji akainama hadi kiunoni, "Shikamoo mama," "Marahaba mkwe wangu," akafungua mlango wa nyuma, akamkalisha kwa heshima zote juu ya grisi ya Jeshi Jekundu. Mkanda ukagoma kushika. Ulimi unaingia, unateleza, unatoka. Shemeji akajitolea kuubana, akaubana, ukachomoka ukampiga kidole. Mimi nimekaa mbele, naisikia ile harufu, naangalia barabara.

"Mwanangu," mama akamwambia dada baada ya kimya kirefu, "gari lenu linavuja kwa ndani?"

Nyumbani wageni walikuwa wameshajaa. Dada alimwingiza mama kinyumenyume akiwa amemfunika mtandio kiunoni, na wageni wakauchukulia kuwa ni utaratibu fulani wa Kitanga, wakapiga vigelegele.

Dada alilianza lile doa kwa maji na sabuni ya unga. Haitoki hivyo, unaitandaza tu. Mama alivua kitenge, akakinusa, akamgeukia mkwe wake.

"Hii grisi ya silaha. Iko wapi?"

Hapa niseme jambo ambalo shemeji, kwa miaka yote ya ndoa, hakuwahi kuulizia: mama alipita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT Ruvu, miaka ya sabini, na bunduki ya SAR aliifungua na kuifunga akiwa amefumba macho, afande akihesabu. Mkwe akaenda gereji, akarudi nayo ameikumbatia.

"Mafuta ya taa lita nne, beseni mbili, mswaki wa zamani. Gereji ifunguliwe milango. Na wewe uliyesimama hapo, zima huo moto wa nyama." Huyo alikuwa mimi.

Kitenge kililowekwa beseni la kwanza, bunduki la pili. Komeo la Mosin mama hakuwahi kuliona, akalizungusha mara mbili mkononi, akavuta kitasa cha nyuma, akakigeuza kushoto, kichwa cha komeo kikatoka. Akakizungusha kitasa hadi sindano ikafunguka na springi yake, na ndani mkatoka kosmolini ya kutosha kupaka bawaba za mtaa mzima. Wakati wa kurudisha akasimama hapo hapo: "Sindano ichomoze kiasi gani?" Swali ambalo shemeji asingeliuliza kamwe. Ni milimita 1.9 hadi 2.4, na kile kibisibisi cha jeshi kina pengo mbili za kupimia: moja lazima isugue ncha, nyingine ipite bila kugusa. Ikizidi, sindano hutoboa fataki, kile kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, na gesi inakurudia usoni. Ikipungua, unasikia "ta" halafu hakuna kitu.

Chemba ndiyo iliyotuchelewesha. Ukiacha kosmolini mle, mtutu ukipata moto inanata kwenye ganda, na komeo halifunguki mpaka ulipige kwa nyundo ya mpira, watu wote uwanjani wakikutazama. Dawa yake ni brashi ya mtutu wa shotgun ya geji 20, inaingia chembani barabara, iliyofungwa kwenye drili ya mwendo wa polepole na kulowekwa tina, ile ya kuzimulia rangi. Shemeji alisugua, mama akaingiza kitambaa cheupe, kikatoka cha kahawia. "Rudia." Akarudia. "Rudia." Wageni walihamia gereji na sahani zao.

Jumamosi tukaenda uwanja wa shabaha na kopo la kijani la risasi 440, la Kisovyeti. Risasi zilipanda juu ya karatasi, kawaida ya Mosin kwa mita 100, tena bila singe ambayo Warusi waliipimia shabaha. Kipande cha ngozi ya waya wa umeme juu ya kilenga cha mbele kikazishusha. Mama alipiga tano, akasema inapiga teke kuliko SAR, akaomba karatasi yake aipeleke Tanga.

Halafu akatoa chupa ya chai. Fataki za risasi zile zina klorati ya potasiamu, ikiungua huacha chumvi mtutuni, na kwa unyevu wa Houston kesho yake una kutu. Mafuta ya bunduki hayayeyushi chumvi. Maji ya moto ndiyo yanayoyeyusha. Mama akainamisha mtutu, shemeji akashika faneli chembani, maji yakaanza kumiminwa yakifuka moshi.

Mzee wa meza ya jirani, Mmarekani mstaarabu sana, alikuwa ameshanyoosha kikombe.