Miradi ya umeme na soko la nyaya: tuhesabu tani, si kilomita

Bajeti ya Wizara ya Nishati ikisomwa Dodoma, wenye viwanda vya nyaya huanza kupiga hesabu, na wana sababu. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na umeme huo hauna njia nyingine ya kumfikia mtumiaji ila waya. Treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma huchota umeme kwenye waya wa kilovoti 25 uliotandazwa juu ya reli. REA, wakala wa nishati vijijini, nayo imetoka kwenye vijiji, sasa iko kwenye vitongoji. Kwa hiyo wapo wanaosema serikali ikitoa fedha, viwanda vya nyaya vinanawiri. Wengine hujibu kwamba zabuni ni mvua ya msimu: ikikatika, mashine zinalala na riba ya benki inaendelea kukua.

Tuanze na njia kubwa. Njia ya kilovoti 400 yenye saketi mbili za fazi tatu, kila fazi ikiwa na nyaya nne, hubeba nyaya 24 kwenye mnara mmoja. Kilomita 100 za njia hiyo hula kilomita 2,400 za waya kabla hujaongeza ziada ya mlegeo. Ni mahitaji makubwa kweli, lakini kwa kiwanda cha hapa ndiyo yaliyo mbali zaidi. Miradi hii mara nyingi hujengwa kwa mikopo ya nje, mkandarasi akisanifu, akinunua na kujenga mwenyewe, na waya huja naye kwenye meli.

Kijijini hesabu inabadilika. Chukua tawi la kilomita 5 la msongo wa kati, kilovoti 33, kwa waya wa alumini wenye kiini cha chuma wa milimita 50 za mraba, ule ambao mafundi huuita Rabbit. Uzito wake ni kama kilo 214 kwa kilomita. Nyaya tatu kwa kilomita 5 ni kilomita 15, yaani tani 3.2. Zabuni imekwisha hapo, ukiacha nyaya zilizosukwa za msongo mdogo na zile za kuingiza umeme majumbani.

Sasa ingia ndani ya nyumba. Nyumba ikitumia roli tatu za mita 100 za waya wa milimita 1.5 za mraba na tatu za 2.5 (nyekundu, nyeusi na kijani), imebeba karibu kilo 10.75 za shaba. Nyumba 300 ni tani 3.2: uzito uleule wa tawi zima la msongo wa kati, ila sasa ni shaba, ambayo tani yake huuzwa zaidi ya mara tatu ya alumini. Hapa ndipo tunapoona pande zote mbili zinakosea. Fedha ya serikali hununua alumini mara moja, kisha inafungua soko la shaba linalolipwa na wananchi wenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka.

Tena soko hilo halifunguki lenyewe. Kuunganishiwa umeme kijijini kumekuwa shilingi 27,000, lakini kutandaza nyaya ndani ni gharama nyingine, na wengi huanza na UMETA, kile kifaa chenye soketi na taa kinachofungwa bila nyumba kutandazwa nyaya. Kwa mwenye vyumba viwili ni msaada mkubwa. Kwa kiwanda, maana yake ni kusubiri.

Kusubiri huko ni kugumu kwa sababu mashine hazibadilishani kazi. Waya wa njia kuu huanza na ufito wa alumini wa milimita 9.5, huvutwa kuwa mwembamba, kisha husukwa kuzunguka chuma, bila ganda. Waya wa nyumba huanza na ufito wa shaba wa milimita 8, huvutwa, hulainishwa kwa joto na kuvikwa plastiki. Zabuni ikiisha, mtambo wa kusuka hauwezi kugeuka kuvika plastiki. Juu ya hayo, ufito hununuliwa kwa bei ya soko la metali la London ya siku hiyo, ilhali malipo ya mradi huja baada ya miezi. Bei ikipanda katikati na mkataba hauna kanuni ya kurekebisha bei, faida yote imeliwa.

Mwenye duka naye akiona wateja wengi, huja na waya wa alumini uliopakwa shaba. Kwangua kwa wembe: ukiona weupe, urudishe. Au pima ukinzani: roli ya mita 100 ya 2.5 halisi haipaswi kuzidi omu 0.74 kwa nyuzi joto 20, kama 0.77 kwa nyuzi 30. Gusanisha kwanza ncha za kipimo, soma, kisha utoe kiasi hicho. Ikibaki zaidi ya 1, hiyo si shaba ya 2.5. Waya huo ukibeba pasi na jiko, hupata moto kwenye viungio, na kila nyumba inayoungua kwa sababu hiyo huwafanya majirani waogope kutandaza nyaya.

Kwa hiyo tungependa zabuni ya vitongoji igawanywe kwa robo za mwaka, iwe na kanuni ya bei inayofuata London, na mkaguzi wa TBS, shirika la viwango, afike madukani katika mwezi uleule nguzo zinapochimbiwa.