Nilidhani ni kiburi
Nimesoma makala kuhusu chakula na hisia za wasichana; mwandishi anasema msichana akiwa na huzuni hukimbilia chipsi na soda. Sawa, ila kwa binti yangu wa miaka 15 mambo yalianzia upande wa pili. Tunakaa Mbagala, Dar es Salaam, shule iko mjini. Saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni anagombania daladala, tumboni hana hata kikombe cha uji. Mchana mihogo ya kukaanga na pilipili, basi. Jioni ukimwuliza neno anafoka, analia, anajifungia chumbani. Mama mkwe akasema ni kiburi cha usichana, na mimi, nakiri, nikamwamini. Zahanati walipompima wakakuta ana upungufu wa damu. Kumbe msichana aliyevunja ungo hupoteza madini ya chuma, yanayosaidia kutengeneza damu, kila mwezi, na yakipungua huja uchovu na hasira za karibu. Sasa kwetu ni dagaa, maharage, mchicha na chungwa. Chai tumeisogeza mbali na mlo kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa. Kununa bado ananuna, umri wenyewe huo jamani, ila kufoka kumepungua. Wale wanaojinyima kula ili wafanane na wembamba wa kwenye simu, makala haikuwagusa kabisa.