Tanto Kambini: Ncha Imara, Tumbo Halipo

Anayetafuta kisu cha kambi mtandaoni, jicho lake huvutwa na tanto kabla ya visu vingine. Bapa limenyooka, mbele pana kona kali, na sura yake yote ni ya kazi. Lakini kazi gani? Anayetoka Mombasa kwenda kulala Shimba Hills au kupanda milima ya Taita, kisu chake kitakata vitunguu, kitapasua samaki, kitakata kamba, kitachonga vigingi vya hema na kitatoboa dafu. Katika orodha hiyo tanto hung'ara mahali pawili patatu, na kwingine humchosha mwenyewe.

Tuondoe kwanza dhana moja. Tanto ya Kijapani ni silaha fupi ya samurai, yenye bapa la sentimita 15 hadi 30 hivi, na nyingi za zamani makali yake hupinda taratibu hadi nchani. Kona tunayoiona leo ni mtindo wa Marekani, uliopata umaarufu miaka ya 1980 kupitia visu vya kampuni ya Cold Steel. Basi kona ipimwe kwa kazi yake, si kwa heshima ya mafundi wa Japani.

Kisu hiki kina makali mawili: marefu yaliyonyooka, na mafupi ya mbele yanayopanda kuelekea ncha. Chuma hubaki kinene mpaka karibu kabisa na ncha, na hapo ndipo penye sifa yake. Chukua dafu. Ukishachonga kumbi hadi kifuu kikaonekana, unasimamisha ncha, unakandamiza, kisha unazungusha. Ncha nyembamba hupinda au humeguka katika mzunguko huo. Ya tanto huvumilia. Makali ya mbele nayo ni patasi ndogo: yanakwangua gome la kijiti kikavu mpaka upate unga wa kuwashia moto, na yanachimba tundu kwenye mti. Makali marefu, kwa kuwa yamenyooka, huchonga kigingi vizuri sana.

Sasa mlete changu. Kupasua tumbo la samaki kunataka ncha nyembamba iingie kidogo tu, makali yakitazama juu, kisha iteleze kuelekea kichwani. Ncha nene ya tanto haiingii mpaka uisukume kwa nguvu, na ikishaingia huzama kupita kiasi. Nyongo ikipasuka, nyama inakuwa chungu. Kuchuna mbuzi ni vivyo hivyo: mkono unataka makali yaliyopinda, yaani tumbo, yapite kati ya ngozi na nyama. Tanto haina tumbo, ina kona, na kona hutoboa ngozi. Hata nyanya kwenye ubao humlazimu mtu kuinua kiwiko, kwa sababu kisu hakibembei.

Watetezi wa tanto husema haya yote ni mazoea ya mkono. Kwa kiasi fulani ni kweli, ila mazoea hayapunguzi unene wa ncha. Kwa kambi za Pwani, ambako wengi hupikia gesi au makaa na kuni za kupasua ni chache, kisu cha tumbo chenye bapa la sentimita 10 hivi ndicho bora. Tanto imfae anayetoboa na kukwangua kuliko anavyopika, au anayebeba kisu kidogo cha jikoni pembeni.

Ukiamua kuinunua, chagua bapa la sentimita 10 hadi 12, unene wa milimita 3 hadi 4. Zaidi ya hapo, kisu kinapasua karoti badala ya kuikata. Msuka, yaani mkia wa bapa unaoingia kwenye mpini, uwe mzima, ukionekana kati ya vipande viwili vya mpini toka mwanzo hadi mwisho. Kuna tanto za bei rahisi ambazo msuka wake ni mwembamba kama msumari, umefichwa ndani ya plastiki. Ukikandamiza na kuzungusha, mpini unabaki mkononi na bapa limebaki kwenye nazi. Usisahau kikinga cha vidole. Kisu cha kutoboa kisicho na kikinga, mkono ukiwa na maji ya dafu, huteleza hadi kwenye makali.

Chuma cha kaboni kama 1095 hunoleka upesi, lakini kwa hewa yetu ya chumvi madoa ya kutu huja haraka ukikiacha na unyevu. Chuma cha D2 pia hushika kutu, ingawa kromiamu yake, madini yanayozuia kutu, inakaribia asilimia 12. Salama zaidi ni 14C28N, chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Chochote utakachobeba, kioshe kwa maji yasiyo na chumvi, kikaushe, kipake mafuta ya nazi kidogo, wala usikilaze ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hunywa unyevu na chumvi na kuvitunza. Ala ya plastiki ngumu yenye tundu chini ni bora.

Kunoa ndiko kunakowashinda wengi. Wanavuta kisu kwenye kinoo kwa mkupuo mmoja, na baada ya mara chache kona inakuwa ya mviringo. Noa makali marefu peke yake, nyuzi 20 kila upande, na uinue kisu kinapofika kwenye kona. Kisha geuza mpini unoe makali ya mbele kwa nyuzi zilezile, mapigo yakiwa nusu au pungufu kwa kuwa ni mafupi. Ukiona ukingo wake uliong'aa ni mpana kuliko wa makali marefu, usishtuke: chuma ni kinene pale. Ukipaka makali wino wa kalamu nene kabla ya kuanza, wino uliobaki utakuonyesha kinoo kisipogusa.

Na safarini, kisu kikae ndani ya ala, katikati ya mkoba, kisining'inie kiunoni kwenye feri ya Likoni. Sheria ya Kenya inakataza silaha mahali pa umma bila sababu halali, na tanto ina sura ya silaha kuliko kisu chochote cha jikoni. Kwenye treni ya SGR usijaribu kabisa. Mizigo hukaguliwa pale kituo cha Miritini na kisu hakipandi.