Na fundi je?

Makala yenu imeieleza vizuri mashine ya Antikythera, ile ya kale ya magurudumu ya shaba, ya kukokotoa mwendo wa jua na mwezi, iliyoopolewa baharini Ugiriki mwaka 1901. Ila sifa zote wamepewa waliopiga hesabu za falaki, na fundi mwenyewe hakutajwa hata kwa sentensi moja.

Hebu tazameni gurudumu moja tu. Lina meno 223, kwa sababu baada ya miezi mwandamo 223 kupatwa kwa jua na mwezi huanza kujirudia kwa mpangilio uleule. Sasa, 223 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Huwezi kuligawa duara nusu kwa nusu mpaka ufike. Inabidi upime na kukisia, kisha uchonge kwa mkono vijino vya pembetatu, kimoja baada ya kingine, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ukikosea kidogo kila jino, la mwisho halipati nafasi yake!

Halafu kuna ile pini inayoteleza kwenye mwanya wa gurudumu jingine, ili mshale unaoonyesha mwezi kwenye mashine uende mara haraka mara polepole, kama mwezi unavyoonekana angani. Mimi hapo ndipo huwa nabaki mdomo wazi. Naomba mwandishi aturudie na makala ya pili, juu ya uchongaji wenyewe.