Mshale wa njano uani kwa watu

Siku ya kwanza mwanangu alipokimbia kuingia uani kwa mkulima wa Kiingereza, nilipiga ukelele. Alikuwa na miaka sita. Tulikuwa tumeshuka treni Edale, kama nusu saa na dakika chache kutoka Sheffield tunakoishi, tukifuata njia ya miguu katikati ya malisho ya kondoo. Njia ikafika kwenye geti, na nyuma ya geti palikuwa na nyumba, trekta, kuni zilizopangwa na mbwa aliyefungwa. Uani kabisa. Mtoto alishafungua geti na kupita. Mimi nimekulia Kibosho, mteremkoni mwa Kilimanjaro, najua maana ya kuingia kwa watu bila hodi, basi nikaanza kuita, "Hodi! Rudi hapa wewe!" Mzee mmoja akatoka bandani na ndoo mkononi. Hakuuliza sisi ni nani. Alinyoosha kidole kwenye nguzo ya geti, palipopigiliwa kibao kidogo cha duara chenye mshale wa njano, akasema njia ndiyo hiyo, inapita mbele ya dirisha la jiko, ila tufunge geti nyuma yetu.

Tulipita. Mkewe alikuwa dirishani anaosha vyombo, akatupungia mkono wenye povu.

Tangu siku ile, jambo ninalolionea wivu Uingereza ni ule mshale. Ndugu waliobaki nyumbani hunipigia simu wakauliza habari za theluji na maduka. Watanzania wenzangu wa hapa huuliza watoto nawapeleka wapi mwisho wa wiki, na nikisema tunakwenda shamba kutembea, wananionea huruma. "Umetoka migombani Moshi ukaja Ulaya kutembea mashambani?" Ndiyo. Na ningependa waje nasi, kwa sababu wengi wetu tunamaliza Jumamosi kwenye zamu za ziada huku watoto wako ndani na simu, na tukipata nafasi tunawapeleka kwenye majumba ya michezo ambako tiketi za familia moja zinakula mshahara wa siku nzima. Njia za miguu hazina tiketi. Utalipa nauli, au maegesho kama una gari, basi. Chakula unabeba. Sisi tunabeba chapati, mayai ya kuchemsha na chupa mbili za chai ya tangawizi.

Ule mshale una maana hii. England na Wales zina njia za umma zenye urefu wa zaidi ya kilomita 200,000, nyingi zikipita katikati ya mali za watu. Shamba ni la mwenyewe, hati anayo, anaweza kuliuza au kumrithisha mwanawe. Njia hana mamlaka ya kuifunga. Akijenga ukuta wa mawe juu yake, lazima aache geti au ngazi ya kuvukia. Akilima na kuivuruga, lazima airudishe. Mshale wa njano ni kwa waendao kwa miguu, wa bluu unaruhusu farasi na baiskeli pia. Njia zote hizo zimechorwa kwenye ramani za serikali, zile kubwa za kukunjua, kwa vistari vya kijani. Binti yangu mkubwa ana miaka kumi na moja na anaisoma ramani hiyo kuliko baba yake. Anaweka kidole, anasema hapa tutavuka mto, hapa kuna kanisa, hapa mistari imebanana maana yake ni mlima mkali, na tukifika tunakuta mlima mkali.

Nilidhani Waingereza walizaliwa na haki hii kama walivyozaliwa na mvua yao. Sivyo. Mlima tunaouona kutoka Edale unaitwa Kinder Scout, una mita 636, chini hata ya Moshi mjini, lakini ni tambarare ya juu yenye upepo na matope meusi, na zamani ulifungwa ili wenye ardhi wawinde ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 watu wapatao 400, wengi wao vijana wa viwandani kutoka Manchester na miji ya jirani, waliupanda makusudi. Walikuta walinzi wa wenye ardhi wanawangoja, wakasukumana nao. Vijana watano walihukumiwa vifungo vya jela, akiwamo kiongozi wao Benny Rothman, aliyekuwa na miaka 20. Sheria ya hifadhi za taifa na njia za umma ilikuja mwaka 1949. Haki ya kutembea huru juu ya milima na nyika, hata nje ya njia, ilisubiri sheria ya mwaka 2000. Mwaka 2002, miaka 70 baada ya vijana wale kufungwa, Duke wa Devonshire, ambaye ukoo wake ndio uliokuwa na mlima ule, alisimama hadharani akaomba radhi.

Niliwasimulia watoto habari hii tukiwa juu, tumekaa nyuma ya jiwe kukwepa upepo. Wa kati akauliza, "Walifungwa kwa sababu ya kutembea?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa kimya akitafuna chapati.

Hapa nasimama kidogo, maana kuna jambo linaloniuma. Peak District, ambayo Kinder ni sehemu yake, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza mwaka 1951. Mwaka huohuo wa 1951, Serengeti nayo ikawa hifadhi ya taifa, na aliyetawala huku na kule alikuwa Mwingereza yuleyule. Kwao, watu walibaki ndani ya hifadhi. Hadi leo kuna vijiji, shule, makanisa na ng'ombe wa maziwa ndani ya Peak District, na wakazi wake ni kama 36,000. Kwetu, mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti wakapelekwa Ngorongoro. Najua simba si kondoo, na sisemi Serengeti ingefaa kupitwa na watoto wenye chapati mikononi. Nasema kwamba tuliachiwa fundisho moja, kuwa uzuri wa nchi unatunzwa kwa kumtoa mtu wa pale, na tumelishika fundisho hilo hata pasipo na simba.

Mama yangu alikuwa akipanda Nusu Maili kukata majani ya ng'ombe. Wasioujua mlima wetu niwaeleze: ni ukanda wa msitu juu ya vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, uliotengwa tangu enzi za mkoloni ili wanavijiji wapate kuni na majani bila kuugusa msitu wenyewe. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakwenda naye. Huko ndiko nilikojifunza kunusa mvua kabla haijafika, na kujua mti upi unatoa moshi mchungu. Mwaka 2005 mpaka wa hifadhi ya Kilimanjaro ulisogezwa ukauingiza msitu ule. Sababu zilikuwepo, watu walikuwa wanakata miti, sikatai. Lakini wanawake wa rika la mama yangu walijikuta wakiingia kwa siri mahali walipolelea watoto wao. Nina wapwa Kibosho waliomaliza darasa la saba bila kuukanyaga msitu wanaouona kila asubuhi wakifagia uwanja. Wanangu waliozaliwa Sheffield wanakijua kila kijito cha Edale.

Watoto wanapata nini huko? Watu hudhani ni hewa safi. Wangu wamepata kwanza adabu ya ardhi ya mtu mwingine. Geti unaliacha ulivyolikuta. Ng'ombe mwenye ndama unampisha mbali, hata ikibidi kuzunguka. Mwezi wa nne, wanakondoo wakiwa wachanga, hukimbii wala hupigi kelele. Yote haya bibi yangu aliyajua, tofauti ni kwamba mimi nimelazimika kuja huku ili nipate mahali pa kuyafundisha. Mwisho wa mwezi wa nane tunachuma matunda meusi ya miibani, yanafanana na forosadi, hakuna anayekuzuia kuchuma ya kula nyumbani. Mdogo alichomwa na majani yawashayo, miguu yote ikavimba vipele. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mbwa wake akachuma jani pana lililoota palepale karibu, akalisugua mguuni, akatuambia majani hayo mawili huota jirani. Nilimshukuru sana, maana nilimsikia bibi yangu ndani yake.

Na kusalimiana! Sheffield mjini unaweza kukaa na mtu ndani ya basi mwaka mzima asikutazame. Ukimkuta mtu huyohuyo njiani kwenye malisho, atakusalimia. Kila mmoja. Watoto wanapenda kuhesabu salamu, siku moja tulifika 43. Sitaficha kwamba mara nyingi sisi ndio weusi pekee njiani, na mara mbili tatu tumeangaliwa kwa namna iliyomfanya binti yangu anishike mkono. Tuliendelea kutembea. Kila tukirudi nawaona Waafrika na Wahindi wameongezeka kidogo, nafurahi.

Lakini nisiwadanganye kuwa huku watoto wanapata kila kitu. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kuna miezi mizima gambuti hazikauki, na upepo wa Kinder unaingia hadi kwenye meno. Hayo yanavumilika. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba tunaweza kutembea saa tano, kupita mbele ya nyumba ishirini, na hakuna anayeuliza, "Huyu ni wa kwa nani?" Salamu tunapewa. Mtu wa kukuuliza habari za mama yako, akakumbuka kuwa babu yako alimkopesha mbegu, akamkata mtoto ndizi mbivu aende anakula, hayupo. Wanangu wanapita kwenye nchi ile kama wageni wanaokaribishwa vizuri. Mwenyeji ni kitu kingine.

Tulikwenda nyumbani Desemba mwaka jana. Kutoka kwa mama hadi kwa shangazi si kilomita moja, tulitumia asubuhi nzima. Kila kihamba ni shikamoo, kila kihamba mnakalishwa. Mdogo alianza kwa kunong'ona, kufikia nyumba ya nne alikuwa anatoa shikamoo kwa sauti hata kwa vijana wa rika la kaka yake, watu wakacheka kwa furaha. Njia yenyewe ilikuwa ileile ya utotoni kwangu, inafuata mfongo, mfereji wetu wa maji, kulia migomba na kahawa, kushoto masale, mimea ya mpakani. Watoto walitafuta mshale. Mama akawaonyesha masale, akasema haya ndiyo yanayosema huku kwa fulani na huku kwa fulani, na katikati ni pa watu wote. Binti yangu akatoa daftari akachora.

Kisha tukafika kwenye ukuta. Matofali ya saruji, juu nyaya za miiba, geti la chuma limefungwa. Mwenye kiwanja alinunua akiwa mjini, akajenga, akaondoka. Masale yaling'olewa, na mfongo umepitishwa kwenye bomba chini ya ukuta. Mama alikaa kwenye jiwe. Ana miaka sabini na minne, na sasa kwenda kwa dada yake kunamlazimu kushuka hadi barabara ya magari na kupanda tena. Watoto wakamtazama, kisha wakanitazama mimi. Wa kati, yule aliyeuliza habari za kufungwa jela, akasema kwa Kiswahili chake cha Sheffield, "Mama, hii si njia?"

Ilikuwa njia. Miaka mia labda, au zaidi, watu walipeleka maziwa, maharusi na majeneza kwa pale. Hakuna aliyeiandika kwa sababu kila mtu aliijua, na siku alipokuja asiyeijua hapakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Simlaumu sana mnunuzi. Aliuziwa kiwanja, akaonyeshwa kona nne, hakuna aliyemwambia kuwa ndani yake kuna kitu kisichouzika. Waliouza walijua.

Wenzangu mlio ughaibuni, wengi tunatuma fedha za kununua viwanja kwenye vijiji vyetu, na jambo la kwanza tunalomwambia fundi ni ukuta. Kuhusu ukuta huo nina ombi. Kabla ya msingi kuchimbwa, ulizeni bibi wa jirani hupita wapi. Na vijiji vinavyoandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi, njia za miguu zichorwe humo pamoja na mashamba na malisho, ziwe na upana unaojulikana, mbele ya wazee wanaozikumbuka. Wazee hao hawatakuwepo baada ya miaka kumi.

Mimi nimeanza na kwetu. Kaka yangu anauza kipande cha chini cha kihamba ili amalizie ada za watoto, sikumzuia. Nilimwomba jambo moja, njia ya kwenda mtoni itengwe na iandikwe kwenye hati ya mauziano, futi sita, na masale yabaki pande zote mbili. Tulibishana kwa simu wiki mbili. Alisema bei itashuka, nikamwambia tofauti nitalipa mimi. Amekubali. Mnunuzi ameomba mwezi mmoja afikirie, na mchoro tuliompelekea ni ule wa daftari la binti yangu, vistari vya kijani kutoka kwa mama hadi majini.