Yaya Wangu Anakusanya Makosa

Mtu akinilalamikia kuwa kaka yake ni mlevi, mimi namwonea wivu. Mlevi hufika saa akalala. Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, halali. Hanywi, havuti, hafuati wanawake; anakusanya nyimbo ambazo wenyewe waliozipiga walizikosea.

Nieleze polepole, maana hata mimi nilichelewa kuelewa. Beatles mnawajua, wale vijana wanne wa Liverpool, kule Uingereza. Nyimbo zao nzuri zimejaa kila mahali, nyingine unazipata bure. Yaya hazitaki. "Hizo ni za watu wote," anasema, pua juu. Anachotafuta ni mabaki ya studio: gitaa limeteleza, mwimbaji kasahau maneno, wakasimama, wakacheka, wakaanza upya. Yaani mtu mzima, baba wa watoto, anamaliza mega zake za intaneti ili asikie Mwingereza akikohoa mwaka 1963. Mimi nakohoa hapa Katuba, Lubumbashi, kila msimu wa vumbi, na hakuna aliyewahi kuniletea maikrofoni. Kwaya yetu ya parokia nayo ikikosea, kiongozi anagonga kinanda na kututukana kwa Kifaransa. Hatujawahi kuuza hata kosa moja.

Tena si nyimbo mbili tatu. Kuna wimbo mmoja wa George Harrison, mmoja wa hao wanne, wa mwaka 1968, waliurudia mpaka hesabu ikafika 102, halafu wakauacha nje ya albamu. Mia moja na mbili! Fundi akikujengea ukuta mara 102, kisha akauacha nje ya nyumba, utamlipa? Yaya anasema huo ndio ubingwa. Kuna na mwingine wa Januari 1967, karibu dakika 14, ambao mpaka leo haujatolewa. Huo ndio anaoupenda kuliko yote, na hajausikia hata siku moja. Anaweza kukusimulia sifa zake mpaka bukari, ugali wetu, ipoe mezani. Kusema kweli hata mimi ndio ninaoupenda, kwa sababu haupigwi nyumbani kwetu.

Mgeni akija hapewi kiti kabla ya mtihani. Santuri yao ya kwanza kwa jina la Beatles, Love Me Do, waliirekodi mara tatu mwaka 1962, kila mara na mpiga ngoma mwingine. Juni alikuwa Pete Best, tarehe 4 Septemba Ringo Starr, na wiki moja baadaye wakamleta Andy White, ambaye hata si wa bendi. Maskini Ringo akapewa tari. Kwa hiyo ukisikia tari, anayepiga ngoma ni White. Mchumba wa dada yetu alikuja kujitambulisha, kavaa koti, jasho linamtoka, badala ya kuulizwa kabila na kazi akaulizwa: "Unasikia tari?" Kijana wa watu akadhani ni mambo ya maombi. Akajibu: "Amina."

Sasa nifike kwenye balaa lenyewe.

Tarehe 1 Januari 1962, hao jamaa walikwenda London kujaribiwa na kampuni ya Decca. Wakapiga nyimbo 15. Wakakataliwa. Yaya, enzi zile za kaseti, alizipata kwa rafiki yake, akakosa kaseti tupu ya kunakili, akafungua sanduku la mama na kuchukua moja isiyoandikwa kitu. Ile kaseti ilikuwa na sauti ya marehemu baba akigawa parseli, yaani kiwanja chetu na nyumba zake: nani atakaa nyumba ya mbele, nani atapokea kodi ya vyumba vya nyuma, mwembe ni wa nani. Baba hakuamini karatasi. Alisema karatasi inabadilika jina usiku, sauti haibadiliki.

Baba mdogo akaja kutoka Likasi na mashahidi wawili. (Likasi hiyohiyo, ilipoitwa Jadotville, ndiko Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alikomrekodi Jean Bosco Mwenda na gitaa lake mwaka 1952. Nilishamwambia yaya, basi kusanya hizo, za Kiswahili chetu, angalau sisi wengine tupate maneno. Akanijibu kwamba hazina makosa.) Tukala bukari na sombe, tukanawa, kaseti ikaingia. Wote tukainamisha vichwa.

Gitaa.

"Hii njo nini?" baba mdogo akauliza.

"Papa yenu eko wapi?" mama naye.

Nani angethubutu kuizima? Huenda marehemu alikuwa anakuja nyuma. Tukasikiliza nyimbo zote 15 walizokataa Decca, kwa heshima ya wafu, mashahidi wamevua kofia. Zilipoisha, baba mdogo alisema aliyewakataa alikuwa mtu mwenye akili.

Halafu mvumo mrefu, na ghafla baba. Akakohoa. Akasema, "Na ule mwembe, wanangu, msigombane, ni wa..." Mkanda ukaisha.

Mtu mwingine angepiga magoti aombe radhi. Yaya macho yakamwaka. "Kaseti moja tu duniani! Haina nakala!" Akaanza kutueleza kuwa mwaka 1958, hata kabla ya jina la Beatles, hao vijana walilipia santuri moja tu, wakawa wanaazimana, mpiga piano wao John Lowe akabaki nayo, mpaka Paul McCartney wa Beatles mwenyewe akaja kuinunua mwaka 1981. Sasa kikohozi cha baba kimefungiwa kabatini. Baba mdogo anataka kukisikia tena, kwa sababu anaapa kwamba baada ya "ni wa" alisikia mwanzo wa jina lake. Yaya anakataa: kila ukiupiga mkanda unachakaa, kwanza uingizwe kwenye kompyuta. Kompyuta inataka umeme, na mtaa wetu uko kwenye delestaje, ule mgao wa umeme. Embe zimeiva, watoto wa jirani wanazipopoa kwa mawe, na hakuna wa kuwafukuza, maana atakayewafukuza ataulizwa yeye ni nani juu ya ule mti.

Juzi baba mdogo ameahidi dola 20. Yaya anasema kwa bei hiyo atampa nakala tu, tena ya zile nyimbo 15.